Mwendo Wake Mwenyewe

Gudele, Juba
11 Februari 2024

Dada Scovia,

Levi alifika na barua yako pamoja na unga, akakataa hata chai kwa sababu lori lake lilikuwa limeziba njia na watu walishaanza kumtukana. Nimefurahi kusikia mguu wa shemeji umepona na cherehani yako haikosi kazi. Sisi tupo. Susan wangu bado analima bamia zake kule Rejaf, anarudi amechoka na matope hadi magotini, halafu ananiuliza mimi nimechoshwa na nini. Swali zuri. Tangu walipolifunga gazeti letu na kutuachia kufuli mlangoni, mimi ni mtu niliyezoea kugombana kwa maandishi kila Ijumaa na sasa sina pa kugombania. Susan anasema ugomvi wote umehamia nyumbani. Kwa hiyo nimejitafutia kazi.

Usicheke kabla hujamaliza kusoma. Kuna wanasayansi ng'ambo waliorusha darubini angani, ikazunguka miaka mingi ikipiga picha za mbingu nzima, si kwa mwanga bali kwa joto. Picha zikawa nyingi kuliko macho yao. Wakaomba macho ya watu, yeyote na popote, bila cheti. Unakaa mbele ya kompyuta, wanakuonyesha kipande kidogo cha anga, picha za miaka tofauti zikipishana haraka mahali pale pale. Nyota za mbali hazitikisiki. Kinachosogea ni jirani yetu. Na ukiona kitone hafifu kinachosogea upande ule ule na kwa kasi ile ile kama nyota fulani, huenda umempata mwenzi wake, kitu wanachokiita kibete cha kahawia. Kilizaliwa kwa njia ya nyota kikakosa uzito wa kuwaka. Vingine ni baridi kiasi kwamba havifikii hata moto wa jiko lako la makaa. Jicho haliwezi kukiona kabisa, lakini kinasafiri na nyota yake, na safari yao ndiyo ushahidi wa pekee.

Hii ndiyo kazi ya kwanza maishani mwangu ambayo sikuulizwa kabila langu wala mjomba wangu ni nani.

Nafanyia kwa Lubega, yule Mganda mwenye kibanda cha kuchaji simu. Ana kompyuta moja na paneli za jua juu ya mabati, na asubuhi wateja ni wachache. "Mzee," ananiambia, "wewe iko naangalia vitone kila siku. Hiyo vitone inajua wewe?" Nikamwambia afadhali vitone kuliko wale vijana wa pikipiki waliokuwa wakinisubiri nje ya ofisi, maana wao walinijua vizuri sana.

Sasa la moyoni. Umeandika kwamba binti yetu Tisa alikupigia tena kwa simu ya kuazima kutoka kambi ile ya wakimbizi ng'ambo ya mpaka, na kwamba yu mzima. Nimemsomea Susan sehemu hiyo hadi karatasi imelegea. Dada, tangu apande tishari, ile boti pana ya mizigo ya mtoni, pale bandarini na begi lake la ukunga, na tishari ile ikamiminiwa risasi kutoka kwenye matete huko kaskazini, sisi wazazi wake hatujasikia sauti yake. Mwaka na nusu. Hakuna gazeti lililoandika hata aya moja. Mimi nitaiandika. Nikipata mtu mmoja tu aliyekuwemo, nitaandika kila jina, na waje na pikipiki zao.

Lakini kwa nini anakupigia wewe na si mama yake? Najua, mimi ndiye niliyesema simu yangu ina masikio ya ziada, ndiyo maana tunaandikiana kwa mkono wa Levi kama watu wa zamani. Susan ana simu yake, safi kabisa. Muulize Tisa.

Mzee Jubek wa kanisani alikuja na wenzake kutushauri tufanye karama, ile sadaka ya chakula kwa marehemu, tupike, tuombe, tumpumzishe binti. Nikawaambia binti atapumzika akishamaliza kuzalisha wanawake wa kambini, na wao wakapumzike makwao.

Ndugu yako,
Sebit


Kitale
17 Machi 2024

Mdogo wangu Sebit,

Barua imefika ikinuka dizeli. Hapa ni katikati ya muhula na bado kila mzazi anataka sare iwe imeshonwa jana. Shemeji yako anatembea, anakusalimu, anasema kama kuna kazi ya kuangalia vitu akiwa amekaa na yeye anaitaka.

Uliwakosea wazee. Jubek ndiye aliyekubeba mgongoni tulipovuka kwenda Uganda, ukimkojolea njia nzima. Mtu uliyemkojolea humfukuzi kwako.

Hizo nyota zako sizielewi, lakini kama zinakukalisha chini ya paa na kukutoa kwenye maneno ya watu wenye bunduki, ziangalie.

Tisa anakusalimu. Anasema kazi ni nyingi, anazalisha wanawake wa kambini. Namba ya mama yake ilipotea na vitu vyake. Anasema pia, na hili alilirudia, usiandike lolote kuhusu tishari. Kuna watu kule wataumia. Nakuomba na mimi.

Msalimie Susan. Mwambie ale.

Scovia


Gudele, Juba
28 Aprili 2024

Dada,

Tumepata mvua ya kwanza na barabara ya Gudele imekuwa bwawa. Nilikwenda kwa Jubek. Nilimwomba radhi kwa yote mawili, la juzi na lile la mgongoni, akacheka hadi akakohoa. Kuhusu karama hatukuelewana, lakini tulikula pamoja.

Sitaandika kuhusu tishari. Nimelimeza kwa sababu ni Tisa anayesema. Angekuwa mtu mwingine yeyote, waziri au askofu, ningeandika mara mbili.

Nikueleze nilivyoaibika. Niliona kitone kando ya nyota moja angavu, kinasogea, nikashika mkono wa Lubega nikapeleka taarifa siku ile ile. Nilikwisha kuandika kichwani hotuba ya kuwashinda wote walionicheka. Likaja jibu la mama mmoja mwanasayansi, la upole mno, ule upole unaouma. Alisema nimeona mzuka. Ndivyo wanavyouita. Nyota ikiwa angavu sana, mwanga wake unaruka ndani ya vioo vya darubini na kujichora pembeni, na unachokiona ni taswira ya nyota yenyewe tu. Darubini inapogeuka kuangalia kutoka upande mwingine, mzuka nao unaruka upande wa pili. Unarukaruka hivyo kila darubini inapogeuka, na asiyejua ataapa kwamba unasafiri. Akaandika sentensi niliyoibandika ukutani kwa Lubega: mzuka hufuata kioo, kitu cha kweli kina mwendo wake mwenyewe.

Nilitaka kumjibu kwa ukali. Badala yake nilimwandikia asante, jambo ambalo hunitokea mara chache, wewe unajua.

Nyumbani kuna jambo la nywele. Unajua desturi yetu, mama akifiwa na mtoto ananyoa, na mama ambaye watoto wake wako hai anasuka apendavyo. Susan hajanyoa na hajasuka. Tangu tishari ile amefunga kitambaa tu, na chini yake nywele zimekuwa msitu. Wanawake wa kanisani wanamtazama kichwani kabla ya kumsalimu. Juzi mmoja alimuuliza kwa sauti, "Mama Tisa, wewe uko upande gani?" Susan alirudi nyumbani akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mimi najua kujibu makala ya kurasa nne. Swali la yule mwanamke sikujua nijibu nini.

Sebit


Kitale
9 Juni 2024

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kukawia. Levi aliharibikiwa na lori, na mimi nilikuwa na homa. Sasa mimi ni mzima. Mahindi ya jirani yameota vizuri, yangu yameota kwa hasira kama wewe.

Nimesoma habari ya Susan nikaiweka chini, nikaichukua tena.

Tisa alipiga. Sauti ilikuwa inakatika. Alisema anachoka lakini ni mzima. Alisema, mwambieni mama asuke nywele. Ndivyo alivyosema. Asuke, asikae na kitambaa.

Mfikishie Susan hivyo hivyo.

Scovia


Gudele, Juba
14 Julai 2024

Dada,

Nilimsomea Susan barua yako tukiwa jikoni. Aliomba nimsomee tena, kisha akavua kitambaa mbele yangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda wote huu, akatoka hivyo hivyo hadi kwa msusi. Alikaa kule kutwa. Amerudi na misuko myembamba inayoishia shingoni, na Jumapili aliingia kanisani akapita mbele kabisa, polepole, ili kila mtu aone. Yule mwanamke wa swali aliangalia kitabu chake cha nyimbo. Nilijivuna kana kwamba nimesuka mimi.

Na mimi nina langu. Mwezi Mei niliona kitu kando ya nyota moja nyekundu, dhaifu, isiyo na jina, ina namba tu. Iko karibu nasi kwa hesabu za mbingu, yaani mbali kiasi cha kukatisha tamaa. Mbali nayo, mbali sana kuliko jua lilivyo mbali nasi, kuna kitone cha rangi ya chungwa ambacho huwezi kukiona usipojua pa kutazama. Safari hii sikumshika mtu mkono. Nilikifuata katika picha za kila mwaka, darubini ikitazama kutoka upande huu na upande ule. Hakirukiruki. Kinakwenda kama nyota yake, hatua kwa hatua, na hakijali darubini imegeukia wapi. Nimepeleka taarifa. Yule mama mpole amejibu kwa neno moja: "Subiri." Wanaomba muda kwenye darubini kubwa ya mlimani.

Lubega anasema nikipata zawadi nimnunulie betri mpya. Nimemwambia zawadi ni jina langu kuandikwa. Akaniuliza, "Jina yako si ndiyo imekuletea matatizo?"

Mwambie Tisa mama yake amesuka. Mwambie amependeza.

Sebit


Gudele, Juba
22 Septemba 2024

Dada Scovia,

Kwanza salamu za nyumbani, kwa sababu nikianza na lililoniandikisha sitarudi kwenye salamu. Bamia zimekubali. Jubek anaumwa macho. Misuko ya Susan ikilegea kidogo tu anarudi kwa msusi, na msusi amekuwa rafiki yake. Anaimba akifua.

Darubini ya mlimani imejibu. Ni kibete cha kahawia kweli, tena ni baridi hata katika jamii yake. Kimethibitishwa kuwa mwenzi wa nyota ile. Katika karatasi ya utafiti wanayoiandika, majina yetu sisi watazamaji yatakuwepo pamoja na ya maprofesa. Lubega alinunua soda akawagawia watu waliokuja kuchaji simu, nao wakapiga makofi bila kujua ni ya nini.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, nikataka kukuandikia. Nikatoa barua zako ili nione nilikueleza hadi wapi mara ya mwisho. Na jicho hili, dada, jicho hili walilonifundisha, sikuweza kulizima. Nilipanga zako kwa tarehe, nikakumbuka zangu zilizozitangulia, nikazipishanisha haraka.

Niliandika kwamba Tisa anazalisha wanawake wa kambini. Nilibuni tu, kumkomoa Jubek. Barua iliyofuata, Tisa akasema anazalisha wanawake wa kambini. Niliapa kuandika kuhusu tishari. Tisa akasema nisiandike. Nilikueleza habari ya nywele na ya kitambaa. Tisa akasema asuke, asikae na kitambaa. Nani alimwambia kuna kitambaa? Utasema wewe. Huenda ni wewe. Lakini nimetafuta katika kila salamu uliyonipa tangu mwanzo neno moja la Tisa ambalo halikutoka kwanza kwenye kalamu yangu. Tisa ni mbishi, amerithi kwangu. Ana maoni juu ya chumvi, juu ya mapadri, juu ya ndevu zangu. Katika barua zako hana maoni. Kila ninapogeuka, naye anageuka.

Sikushutumu. Mimi niliyeshutumu kila mtu kuanzia Nimule kusini hadi Renki kaskazini, leo nakuomba. Nipe kitu kimoja. Kimoja tu alichosema au kutenda Tisa ambacho mimi sikukuandikia kwanza. Kiwe kidogo namna gani. Nitakiamini, na nitakaa kimya.

Susan hajui kwamba ninaandika hivi. Yuko uani, anaimba.

Sebit


Kitale
13 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Shemeji yako ni mzima. Mvua zinaisha. Nimerudisha vitambaa vya watu ambavyo sijashona na nimefunika cherehani.

Kuna mwanamke anaitwa Adut, mfanyabiashara wa samaki wakavu. Alikuja mlangoni kwangu mwaka jana, akiwa safarini kwenda kwa ndugu zake. Alikuwa kwenye tishari ile. Tisa alikuwa amempa jina langu na mji wangu, akasema kama lolote likitokea, aende kwa shangazi, asiende kwa baba, baba ataandika.

Umeomba kitu kimoja ambacho hukuniandikia. Nyuma ya magunia ya mtama kulikuwa na mwanamke aliyeshikwa na uchungu. Risasi zilipoanza watu walilala chini au waliruka majini. Tisa hakulala. Adut anasema alivua viatu, akaviweka pembeni vizuri kama mtu anayeingia ndani ya nyumba, akapiga magoti kwa yule mwanamke, akawa anamgombeza kwa nini anasukuma kabla ya kuambiwa. Mtoto alitoka. Adut alimsikia analia. Tisa alikuwa bado amepiga magoti.

Hicho ndicho kitu chako. Neno lingine unalotaka niliandike, sitaliandika.

Nilikuwa nimebaki na wawili huko Juba, wewe na Susan. Ningekuambia, ungeandika, na wale wa pikipiki wangekuja. Nikabaki na hesabu hiyo. Usinijibu kwa hoja, nazijua zote.

Nakuja na Levi. Watu wa kanisa waambie mwenyewe, na uanze na Jubek. Susan usimwambie. Nitamwambia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemsuka. Wembe nitakuja nao, nami nitanyoa pamoja naye.

Scovia


Gudele, Juba
8 Desemba 2024

Dada,

Levi amesema mlifika salama na kwamba hukusema neno toka mpakani hadi Kitale. Nami sikusema nawe neno kwa siku zote ulizokuwa hapa. Watu walidhani ni huzuni. Wewe ulijua. Nilikuwa nikikutazama ukipika na wanawake wengine, kichwa chako kimenyolewa, ukigawa chakula cha karama kwa watu waliokuja kumlilia mtu uliyemweka hai kwa kalamu, na kila nilipotafuta neno la kukupiga nalo nilikuta umekwisha kujipiga.

Makala ya tishari sikuiandika. Si kwa woga, na si kwa ajili yako. Niliketi na karatasi, na kila sentensi ilikuja ikiwa imejipanga, kali, safi, kama zile zote nilizowahi kuandika, na nikajiuliza zile zote zilimzuia nani kupiga risasi. Maisha yangu yote nimeamini kwamba jambo likisemwa vizuri linakuwa limefanywa nusu yake. Tisa alifanya jambo zima kwa magoti yake, na maneno yake ya mwisho yalikuwa ya kumgombeza mtu asukume vizuri. Sina la kuongeza.

Karatasi ya wanasayansi iko tayari, wameniletea niisome. Jina langu wamelikosea herufi moja, nimeacha hivyo hivyo. Lubega alinishauri niombe kile kitu kipewe jina la binti yangu. Alisema kwa moyo mwema, akashangaa nilivyotoka kibandani. Baadaye nilimweleza. Kibete cha kahawia kilipozaliwa kilikuwa na joto, kwa sababu ya kuzaliwa tu. Hakina kuni ndani yake. Tangu siku ile kinapoa, na kitapoa hadi kusiwe na darubini ya kukiona, huku kikimfuata mwenzake ambaye hakijawahi kumpa mwanga. Kitu kama hicho sitakiita kwa jina la Tisa. Labda kwa langu.

Siendi tena kwa Lubega. Asubuhi naenda Rejaf na Susan, namwagilia bamia. Nywele zake zimeanza kuota, fupi, na nyingi ni nyeupe, hatukujua. Wanawake wa kanisani sasa wanamsalimu vizuri, kwa kuwa sasa wanajua yuko upande gani. Nilitaka kumchukia mmoja wao, nikakosa nguvu.

Uliandika nisikujibu kwa hoja. Sina. Nina ombi. Jana tukiwa shambani Susan alisimama na ndoo mkononi, akauliza, kana kwamba tulikuwa tukiongea habari hiyo muda wote, "Yule mtoto alikuwa wa kike au wa kiume?" Nikamwambia sijui. Akaniuliza kama wewe unajua. Nikasema nitakuandikia.

Mtafute Adut umuulize. Na kama hajui, au humpati, usimjibu Susan chochote kizuri. Niandikie tu kwamba hujui, nami nitamsomea hivyo hivyo.

Sebit